Shika Upande wa Pili

Usiku ule nililala na hasira, chai nimeiacha kikombeni mpaka ikafanya utando. Asubuhi yake kulikuwa na kikao. Mimi ni mlezi wa bweni katika shule ya maadilisho ya wasichana, huku milimani kwenye mvua nyingi, na katika kikao hicho nilitakiwa niseme neno langu juu ya Tausi: abaki nasi, au arudishwe mahakamani, na kutoka huko apelekwe gereza la wakubwa. Mkuu wa shule alishasema kwamba atafuata neno la mlezi.

Tausi alikuwa ameyakata magauni ya mahafali. Wenzake waliyashona muhula mzima. Ikaja siku ya wazazi, mama yake hakutokea, na kesho yake mtoto akaingia chumba cha ushonaji na mkasi, akakata mikono ya kila gauni vikabaki visiki tu. Nampenda yule binti, na siku ile nilitamani kumzaba kofi.

Mkuu wa shule alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, basi akafunzwe. Afisa ustawi wa jamii, kijana mpole anayeongea kwa sauti ya kubembeleza hata akiomba chumvi, alisema binti ana jeraha moyoni, asiulizwe kitu, magauni yatupwe na yaishe. Nikawa katikati, naona wote wawili wana haki na wote wawili wananiudhi.

Basi usingizi ukanichukua hivyo hivyo, na kule nilikokwenda ilikuwa mchana. Jua linaingia kwenye kile chumba cha ushonaji cha zamani, ambacho kilishabomolewa. Cherehani za kukanyaga zimepangwa ukutani, harufu ya mafuta ya cherehani imechanganyika na ya maharage kutoka jikoni. Mama Sekela, mwalimu wetu wa ushonaji, ameketi kwenye kiti chake kifupi, futikamba shingoni. Tulimzika msimu wa mahindi mabichi, nami nilitupia udongo kwa mkono wangu. Ndotoni nilikumbuka hayo yote, wala hayakunishangaza.

Nilimwamkia. Hakuitikia, huenda marehemu hawana shida na shikamoo zetu. Alinitazama visigino, kama alivyotutazama kila asubuhi kuona nani kaoga na nani kajimwagia maji ya kuzugia. Nikatazama chini nami, nikaona miguu yangu ni ya msichana wa miaka kumi na mitano, na nimevaa lile gauni la kijivu tulilovaa sisi tulioletwa na mahakama. Sikuona aibu. Nilisikia furaha, kama mtu aliyerudi kwao.

Niko kwenye cherehani. Nashona gauni, na mkono wa kushoto nimeuweka kulia. Nalijua kosa hilo kabla hata ya kuligeuza gauni, kwa sababu ukivaa gauni la namna hiyo linakuvuta mabega mbele, unatembea kama umebeba ndoo. Nalikunja haraka, nalikalia. Mama Sekela ananyoosha mkono wake bila kuniangalia, nami nampa.

"Fumua," anasema.

Tulivyolichukia neno lile! Mama Sekela hakuwahi kupiga mtu, katika siku ambazo askari wa getini walitupigisha magoti kwenye kokoto kwa kosa la kucheka. Hakupaza sauti. Lakini mshono uliopinda haukutoka chumbani mwake, hata kama kengele ya chakula imelia, hata kama unalia wewe. Ulifumua ukaanza upya. Tulimwita Mama Fumua nyuma ya mgongo wake, na nadhani alijua, maana siku nyingine alikuwa akijichekea peke yake bila sababu.

Ndotoni nikalia kama nilivyolia siku ile. Naye akafanya kama alivyofanya siku ile: akasogeza kiti chake, akashika gauni upande mmoja, akalivuta mpaka mshono ukafunguka na nyuzi zikaonekana. Kisha akatoa wembe mfukoni, akanipa.

Wembe. Mimi, ambaye askari walinipekua hadi kwenye nywele. Mimi, ambaye hakimu alinileta pale kwa sababu ya wembe.

Nakata uzi, na vidole vyake viko hapo hapo kando ya wembe, vyenye kucha fupi na alama za sindano. Haviondoi. Anavuta, nakata, anavuta. Anazungumza mambo ya mvua na ya kuku wake aliyehama kwenda kutaga kwa jirani. Machozi yananikauka bila mimi kujua, na moyo wangu unatulia kabisa.

Sasa kitambaa hakiishi. Kimekuwa cha njano, ndiyo yale magauni ya mahafali, na chumba kimekuwa hiki chetu cha sasa chenye dari. Tausi ameketi kwenye kona ametupa mgongo. Mama Sekela anasimama, anakunja futikamba yake, anaitia mfukoni, na ule upande wake wa kitambaa unaanguka. Gauni linalegea mikononi mwangu. Mshono unajifunga, siuoni uzi wa kukata.

Nikamwambia, "Mama, usiende. Peke yangu siwezi."

"Hakuna anayeweza peke yake, Atu," akasema. Akamwonyesha Tausi kwa kidevu. "Lazima afumue. Wewe shika upande wa pili."

Kwetu tunaonywa kwamba marehemu akikupa chakula usile, na akikuita usimfuate. Hakunipa chakula, na hakuniita. Alitoka mlangoni akiburuza kandambili zake, nami nikabaki nimeshika kitambaa.

Nikaamka nimeshika shuka. Nimelivuta kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Kulikuwa kumekucha, mvua inapiga bati, na nilimlilia Mama Sekela kuliko nilivyomlilia siku ya maziko.

Kikaoni nilisema Tausi anabaki, na kila mkono alioukata ataufumua na kushona mwingine, hata mahafali yasogezwe. Afisa ustawi alisema huo ni ukatili. Mkuu wa shule aliuliza ni nani atakayempa yule mtoto wembe. Nikasema ni mimi.

Nilimkuta Tausi chumba cha ushonaji, kwenye kona yake, amenipa mgongo. Nilivuta kiti kifupi, nikachukua gauni la kwanza, nikalivuta mpaka nyuzi zikaonekana, nikampa wembe. Aliutazama, kisha akatazama vidole vyangu vilipokuwa.

"Nitakukata, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Hutanikata," nikamwambia. "Fumua."