Kilo Saba za Violet

Violet hakuwa na mwili wa kupunguza. Nimekaa naye jirani hapa Themi, Arusha, miaka tisa na nguo zake zote nilimshonea mimi, kwa hiyo kiuno chake nakijua kuliko yule Gidion wa jimu.

Mama yake, Anande, alipopooza upande mmoja, Violet alimleta kutoka Machame akae naye. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti kulihitaji watu wawili, na mimi goti langu ni bovu. Kaka yake Hans akaja, akasema neno moja tu: "Violet, kama hadi Pasaka huwezi kumnyanyua peke yako, nampeleka kwangu Moshi." Mama hakutaka Moshi. Violet naye, hana mume wala mtoto, hakutaka kubaki na kuta.

Ndipo akaenda jimu, Daraja Mbili, atafute nguvu. Gidion, mwalimu wa mazoezi, akamtazama juu hadi chini, akauliza, "Dada, sendofu ni lini?" Kwa akili yake, mwanamke wa Arusha hagusi vyuma mpaka awe na sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, na gauni la sendofu linalombana. Violet ana miaka thelathini na nane na hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akaona aibu kutaja mama na kitanda. Akajibu, "Mwezi wa nne."

Basi akapangiwa: asubuhi yai moja, mchana kachumbari, jioni maji ya limao. Ndizi marufuku, nyama marufuku, na vyuma kila siku. Kwa mwili kama wangu labda mpango huo ungefaa, ningepungua huku nguvu zikija, maana akiba ya mafuta ninayo. Violet alikuwa na akiba gani? Nilimpelekea mtori wa moto, ndizi zilizopondwa na nyama, akaurudisha bila hata kufunua.

"Mama Elinami, utaniharibia," aliniambia. Nilinuna siku tatu.

Wiki za mwanzo alinyanyua vizuri. Mwezi wa pili wa mazoezi, chuma alichokuwa akikinyanyua mara kumi kikamshinda mara ya sita. Gidion hakuangalia chuma, aliangalia mizani. "Kilo saba, dada! Gauni litakaa." Na huyu mjinga wangu ninayempenda akafurahi.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka nilisikia kishindo. Nilimkuta mama yake sakafuni, Violet kapiga magoti pembeni, anajaribu kumwinua na kushindwa.

Hospitalini, muuguzi alipomaliza kumfunga mama ule mkono uliopooza akamgeukia Violet. "Na wewe unaumwa nini?" Violet akaeleza yote, hadi maji ya limao. Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mwembamba anayeanza kubeba vyuma anakula, dada yangu. Ugali, maharage, nyama, mayai. Ulidhani nguvu zitatoka wapi?"

Nilitamani kumpiga Violet, nikatamani pia kumkumbatia.

Hans hakusubiri hata Pasaka yenyewe. Alikuja na mkewe Anneth, mwanamke mnene anayeuza ndizi kwa jumla na kupakia mikungu mwenyewe. Anneth aliinama, akapitisha mikono kwapani, akamnyanyua mama mara moja hadi garini. Mama alimshika shingo, akafumba macho, ametulia kabisa. Hakuwahi kutulia hivyo mikononi mwa bintiye.

Violet alikuja nyuma yao. Walikuwa wamempa mto abebe.