Nilipaka rangi miti ya Mama Akai bila kumuuliza: kisa cha njia ya wanyama kando ya Tarach, Kakuma

Wakuu, ejok.

Nimekaa humu miaka nikisoma visa vyenu bila kuchangia hata neno. Leo acha nami nitoe changu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya Kakuma ikiwa bado changa. Mimi ni Mturkana wa Lodwar. Nimezaliwa mjini, nimesoma mjini, mbuzi nilikuwa nawaona wikendi tu. Nikapata kazi ya ukalimani kwenye mradi mdogo wa miti, kwa sababu afisa wetu wa misitu alikuwa mtu wa "down Kenya", kama tunavyowaita watu wa kusini, hajui Kiturkana.

Pale Lodwar, kando ya mto Turkwel, tulikuwa tumefaulu kiasi. Tumbili na kanga walianza kurudi. Basi tukatumwa Kakuma tufanye hivyo hivyo kwenye Tarach.

Kwa wasioijua, Tarach ni laga. Siku nyingi ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha milimani inajaa, kisha hubaki vidimbwi. Msitu wa kingoni ulikuwa umebaki vipande vipande. Wenyeji walikata, wakimbizi walikata, kila mtu alihitaji kuni. Mnyama akishuka vilimani kutafuta maji anakuta uwazi, anarudi. Tulitaka kuunganisha vile vipande ili apite kwenye kivuli mpaka chini.

Kazi nzuri, sindio?

Sasa sikieni nilichofanya. Kwenye baraza ya kwanza nilisimama nikawaambia watu mto hauna mwenyewe, ni wa serikali. Hakuna aliyebisha. Nikadhani wamekubali. Kwa siku tatu nikapita na kopo la rangi nyeupe nikitia alama kila mgunga tuliotaka ulindwe.

Siku ya nne nikakuta alama zote zimepakwa matope. Zote, wakuu. Chini ya mti mmoja ameketi mama wa makamo, shanga shingoni, mikono bado ina tope.

"Ejok," nikamsalimia.

"Ejok-noi. Baba yako ni nani?"

Nikamtajia.

"Na ekwar yake iko wapi?"

Sikujua hata anauliza nini.

"Basi hujui umesimama wapi," akasema.

Huyo ndiye Mama Akai. Ekwar ni kipande cha msitu wa mtoni ambacho familia inarithi. Miti ina wenyewe. Maganda ya mbegu yanayoanguka kiangazi ni chakula cha mbuzi wa nyumba fulani, si wa kila apitaye. Mimi, Mturkana kamili, nilikuwa naambiwa jambo hilo na mtu niliyemchorea miti yake.

Mwisho wa wiki nikaenda Lodwar nikamuuliza mzee wangu. "Tulikuwa nayo, juu huko upande wa Katilu," akasema. "Ukame ulitufukuza. Hujawahi kuuliza." Akaendelea na chai yake. Nilijisikia vibaya.

Nikarudi Kakuma nikamwomba Mama Akai msamaha mbele ya watu. Tukaanza upya, safari hii bila rangi. Tulitembea na wenye ekwar mmoja mmoja, wakituonyesha mpaka wa kila nyumba. Afisa alilalamika kwamba tunapoteza wakati. Lakini walikubali wengi, Mama Akai akiwa wa kwanza.

Shida ya pili haikuchelewa. Asubuhi moja Mama Akai alimkamata mkimbizi kutoka Sudan, Mama Achol, akikata tawi bichi. Akamnyang'anya shoka. Nilipofika, wanaume wa pande zote mbili walikuwa na fimbo, wamesimama hivi, wanatazamana.

Mama Achol alijua Kiswahili kidogo cha kambini. Akanigeukia: "Wewe ambia yeye. Mahindi iko, kuni ya kupika hakuna. Miti yake inakula vizuri kuliko watoto yangu."

To be honest nilitaka kuipunguza makali. Kisha nikakumbuka nilivyoharibu kwa kuwasemea watu. Nikatafsiri neno kwa neno.

Mama Akai akauliza, "Ana watoto wangapi?"

"Nne. Moja tuliacha kwa njia."

Nikatafsiri hilo pia.

Mama Akai akainuka, akamshika mkono akampeleka ndani ya kichaka. Akamwonyesha mti uliokauka. "Huu chukua." Akamwonyesha mbichi. "Huu uache." Akamrudishia shoka lake. Fimbo zikashuka polepole.

Makubaliano yalitokea hapo, si ofisini: wanawake wa upande wa Mama Achol waokote kuni zilizokauka kwa siku maalum, nao wasaidie kuzungushia miche tuliyopanda kwenye mapengo matawi ya miiba, mbuzi wasiifikie.

Baada ya misimu miwili ya mvua kichaka kilifungamana. Tuliona nyayo za digidigi, kisha digidigi wenyewe. Afisa akapiga picha mpaka filamu ikaisha.

Halafu akaja fisi.

Asubuhi hiyo tulikuta mbuzi watatu wa Mama Akai wameuawa. Mradi haukuwa na fidia yoyote. Shemeji zake walikuja na mapanga, wakitaka kichaka kilichomficha fisi kifyekwe leo leo. Mimi nilisimama kando. Mama mwenyewe alikuwa anawatazama mbuzi wake.

Mama Achol akatokea na wanawake kama kumi, kila mmoja anaburuta miiba. Hawakuulizwa, hawakueleza. Wakaanza kuliinua boma la mbuzi.

Shemeji mkubwa akasema, "Akai, fisi atarudi."

"Arudi," akajibu. "Atakuta boma. Wewe weka panga, shika mwiba."

Akashika. Kazi ilichukua siku mbili, boma likafika juu ya kichwa changu.

Nisiwadanganye, njia haikukamilika. Familia mbili zilijitoa kwa hofu ya fisi, na pakabaki pengo ambalo hatukuliziba mpaka mradi ukafungwa. Lakini kwa Mama Akai miti ilibaki imesimama, na wanyama walipita.

Nilichojifunza: nilidhani naleta miti kwa watu wasiojua thamani yake. Walioilinda ni mwenye miti na mwenye njaa ya kuni, na siku mbuzi walipokufa mimi nilisimama tu mikono mitupu.

Wakuu mlioishi kando ya mito, hasa wa Katilu na Lokitaung: wanyama waliporudi kwenu, nani alibeba hasara? Semeni, nasoma kila comment.