Mota Zilizokuwa Zikivuma kwa Sauti ya Leonardi

Tangu Leonardi afariki, dada yake Mauwa huwasha mashine ya kuchonga kila asubuhi, hata asipokuwa na kazi. Mota zake za stepa, zinazosonga hatua kwa hatua, huvuma kwa sauti ya puani, vile Leonardi alivyokuwa akiimba huku anachonga. Majirani wa Mtoni wanasema msiba umemzidi. Yeye hufunga mlango wa banda akakaa karibu na mashine.

Leonardi ndiye aliyeiunda mashine hiyo inayochonga yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta, na ndani yake aliacha mchoro wa uso wa marehemu mama yao. Aliacha pia gogo la mpingo la kuuchonga uso huo. Moja tu.

Mauwa alijaribu kwanza kwenye ubao wa mninga. Kisu kilikwama penye fundo la mti, mota ikagonga, kisha ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Jicho la mama likaangukia shavuni.

Akamwita Mudathir, fundi mota.

"Stepa haijui kama imepotea, dada Mauwa," Mudathir alisema, akiupapasa uso uliopinda. "Unaiambia songa, ikikwama, yenyewe inahesabu imesonga. Funga mota ya servo. Ile ina kifaa nyuma kinachoiambia ilipo. Ukiisukuma, inarudi mahali pake."

"Inavuma?"

"Wapi! Ikisimama wala huisikii."

"Basi siitaki."

"Sista, mie nauza mota, siuzi mizimu!" Alicheka, kisha akamtazama usoni. "Haya. Ipunguzie mwendo, ikate kidogo kidogo. Lakini nani ataiambia ilipo?"

Mauwa alitazama kidole gumba chake. Leonardi hakuwa akichonga bila kupapasa: patasi, gumba, patasi, gumba. Wachongaji wa kwao hawaliamini jicho.

Akalifunga gogo la mpingo kwenye mashine. Kila kisu kilipomaliza tabaka jembamba, alikisimamisha, akapitisha gumba ukingoni. Mahali fulani gumba likakuta kinundu kidogo, chembamba kama unywele: mota ilikuwa imepoteza hatua. Akairudisha mashine kwenye alama ya mwanzo, tabaka likarudiwa.

Jua lilipoanza kushuka, mama alikuwa ametokea, mweusi, macho mahali pake.

"Zima mota sasa," alisema Mudathir, aliyekuwa akimtazama muda wote. "Zikikaa na umeme zinachemka."

"Kazi imeisha. Mbona bado zinavuma?"

"Zimejishikilia hapo zilipofika. Hazitaki kusogea."

Mauwa aliweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu.

"Bado kidogo," alisema.

Mudathir akaketi mlangoni, akasubiri.