Alhamisi za Mchezaji Nambari Saba

Nilianza kuandika namba za timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo chetu kwa sababu ya ugomvi. Tulikuwa tumeshindwa mchezo wa kwanza wa msimu, na kocha alisema mbele ya watu kwamba tumeshindwa kwa sababu wachezaji wetu hawarukii mpira ukigonga ubao. Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa mwanafunzi wa takwimu, msichana wa mwaka wa tatu na wa mwisho, niliyekuja kumshangilia mwenzangu, lakini nilikuwa nimekaa kando ya uwanja nikihesabu kwa vidole kwa kupenda kwangu tu, na nilijua anakosea. Nikamwambia mipira waliirukia, tena waliipata, wakaenda kuitupa kwa pasi za ovyo. Aliniuliza kama naweza kulithibitisha hilo. Mimi na ulimi wangu, nikamwambia anipe mchezo mmoja.

Mchezo uliofuata nilikuja na daftari la miraba na kalamu tatu. Kila mchezaji nilimpa ukurasa wake: amerusha mara ngapi, ametia mara ngapi, amepoteza mpira mara ngapi, na katika robo ipi. Uwanja wetu uko Changamwe, ni wa saruji na hauna paa, na ndege zinapita juu yake zikienda kutua, ikawa filimbi ya refa haisikiki. Mara mbili niliandika kikapu ambacho refa alikuwa amekikataa. Hata hivyo, mchezo ulipokwisha nilimpa kocha ukurasa mmoja safi. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Kaloleni, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Aliusoma mara mbili, akakuna kidevu, akaniambia nije tena mchezo wa tatu.

Hivyo nikapata kiti karibu na benchi. Kadiri wiki zilivyopita nilijua mambo ambayo hata wachezaji wenyewe hawakuyajua. Msichana wetu mrefu kuliko wote alikuwa anatia akipokea mpira na kuurusha papo hapo, akiudundisha mara moja tu anakosa. Tukiongoza mpaka mapumziko tulikuwa tunalegea mwanzoni mwa robo ya tatu, kila mara, kana kwamba tumeambiana. Kocha alibadilisha mazoezi kwa sababu ya daftari langu, na tukaanza kushinda. Wasichana wakawa wananisalimu kwa heshima ambayo, nikisema kweli, niliipenda mno. Nilikuwa na maringo ya namba. Mtu akinijia kulalamika kwamba nimemwandikia vibaya, nilikuwa namjibu kwamba namba hazina rafiki.

Rafiki ninaye mimi, naye ndiye mwenzangu niliyekuja kumshangilia siku ile ya kwanza. Alivaa nambari saba mgongoni. Alikuwa mlinzi wa mbele, mfupi, mwepesi, anayecheza kajifunga mtandio wake vizuri na suruali ndefu chini ya bukta. Kwao ni Kisauni, watu wa mji wa tangu na tangu, na Kiswahili changu kilimchekesha. Mimi nimezaliwa Port Reitz, lakini wazazi wangu walitoka bara baba alipopata kazi bandarini, na nyumbani kwetu Kiswahili tulikitumia kama kijiko cha kuazima. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu mzima akikuita huitiki "nini", unaitika "abee". Alinifundisha kwa kunifinya.

Ule ulikuwa msimu wake wa mwisho. Miezi michache mbele tungemaliza masomo, na mtaani kwao hapakuwa na timu ya wanawake, wala hakuona ni wapi angeshika mpira tena. Aliniambia hivyo waziwazi, bila kujionea huruma. Alitaka kitu kimoja, kucheza fainali ya vyuo, kisha aviweke viatu vyake juu ya kabati akiwa ameridhika.

Katikati ya msimu palikuwa na mgomo chuoni, na michezo kadhaa ikaahirishwa. Masomo yaliporudi ratiba ilibanwa. Badala ya kucheza Jumamosi peke yake, tukawa tunacheza na Alhamisi alasiri pia. Hapo ndipo ukurasa wa nambari saba ulipoanza kuharibika. Mwanzoni mwa msimu, akirusha mara kumi alitia tano au sita. Sasa kipindi cha pili kikiingia mikono ilikuwa inamlegea. Mipira ilikuwa ikifika nusu ya njia. Pasi zake zilinyang'anywa na wasichana ambao mwezi mmoja nyuma wasingemkaribia. Nilijumlisha, nikagawanya, nikachora mstari wa wastani wake, na mstari ukashuka.

Sikumwambia. Nataka hili lieleweke, maana ndilo kosa langu lote. Tulikula pamoja kantini, tulikaa dawati moja, tulitembea pamoja mpaka stendi, na sikumwuliza hata siku moja ana nini. Nilijiambia kwamba nikimwuliza nitakuwa nampendelea, maana wengine hawakuulizwa. Nilidhani huo ndio uadilifu.

Tuliingia fainali kwa bahati tu. Fainali ilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, na kila timu ilitakiwa kupeleka orodha ya wachezaji kumi kabla ya Jumanne saa sita mchana. Sisi tulikuwa kumi na wawili. Ijumaa kocha aliniomba ripoti, akasema safari hii hataki lawama, atafuata daftari. Nilikaa maktaba mchana kutwa. Niliandika kwamba nambari saba amechoka, kwamba robo ya nne hana faida, na kwamba nafasi yake apewe msichana wa mwaka wa kwanza ambaye wastani wake unapanda. Nilitia sahihi, nikajiona jasiri.

Orodha ilibandikwa jioni ile ile. Nilisimama mbali nikamtazama akiisoma. Aliisoma toka juu mpaka chini, akairudia, akarekebisha mtandio wake, akaja nilipo. Aliniaga kama kawaida, akasema tutaonana Jumatatu inshallah. Afadhali angenitukana.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa barazani kwetu nikaipitia kazi yangu upya. Sitasema kwamba nilikuwa natafuta haki. Nilitaka kujihakikishia kwamba sikukosea ili roho itulie. Nikaanza kugawa michezo kwa siku, kwa kuwa fainali ingekuwa Alhamisi na nilitaka kuona timu nzima huchezaje siku hiyo. Timu ilikuwa ile ile. Nambari saba hakuwa yule yule. Jumamosi zote, hata ile ya mwisho, alikuwa anatia kama zamani, robo ya kwanza mpaka ya nne. Alhamisi zote, kipindi cha pili, alikuwa kama mgonjwa. Nilikuwa nimetia Jumamosi na Alhamisi katika chungu kimoja, nikakoroga, kisha nikasema mchuzi ni mbaya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingefanya hivyo.

Jumatatu hakuja darasani alasiri, basi nikavuka mji mpaka Kisauni. Mama yake alinifungulia mlango. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunivuta ndani. Uani palikuwa na wanawake wanne, shangazi na binamu, wakimenya viazi na kukoroga uji kwenye sufuria kubwa, na hakuna aliyekuwa akionja kitu. Niliuliza kama kuna shughuli. Mama akanijibu kwa ukunjufu kabisa.

"Twafunga leo, mwanangu. Twalipa siku zetu kabla Ramadhani haijatuingilia. Hapa kwetu twafunga Jumatatu na Alhamisi, sote pamoja, tukapika futari mara moja."

Niliishi Mombasa miaka yangu yote. Nilijua Ramadhani, nilijua Idi, nilijua kutokula mbele ya wenzangu mwezi mzima. Lakini sikujua, mpaka shangazi mmoja aliponinong'oneza pale uani, kwamba mwanamke huziacha siku kadhaa za mwezi ule kwa hali ya kike, kisha akazilipa baadaye kimya kimya. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akijimwagia maji usoni wakati wa mapumziko huku wenzake wakinywa. Nilikuwa nimeandika kila mpira ulioruka, na sikuandika nani anakunywa maji.

Mwenzangu alitoka chumbani, tukakaa ngazini. Nikamwonyesha jedwali langu jipya, Jumamosi upande mmoja na Alhamisi upande wa pili. Alilitazama kwa muda, akacheka kidogo.

"Kumbe yaonekana hivyo," alisema.

Nilimwambia kesho asubuhi nitakwenda kwa kocha, bado kuna muda. Akanishika mkono. Alinikataza kumwambia kocha kwamba anafunga. Yule ni mwanamume, na ofisi yake haikosi wanaume wengine watatu, na swali la pili lingekuwa analipa nini. Wenzake wawili Waislamu katika timu walijua, nao walinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwahidi. Alifungua kinywa kama anayetaka kuongeza neno, nami, kwa haraka yangu ya kumwokoa, nikamkatiza. Nikamwambia aniachie mimi, jedwali litasema lenyewe. Mama yake akamwita aende akatazame uji, nami nikaaga.

Jumanne saa tano nilikuwa mbele ya meza ya kocha. Saa moja ilikuwa imebaki. Ofisini alikuwamo na mwalimu wa michezo na vijana wawili wa timu ya wavulana, na orodha ilikuwa kwenye simu yake, imeshachapwa, inangoja kutumwa. Niliongea kwa kasi. Nikamwambia ripoti yangu ina kosa, nambari saba hajachoka, Jumamosi zote ni mchezaji wetu bora. Akachukua karatasi. Alisoma safu ya Jumamosi akatikisa kichwa kwa kukubali. Alisoma safu ya Alhamisi.

"Na Alhamisi ana nini?"

Nilisema sijui. Nikasema huenda ni kitu kitakachopita.

"Fainali ni siku gani?"

Hapo ndipo nilipouona mtego niliojitegea mwenyewe. Nilikuwa nimepita mji mzima na karatasi ya kumtetea, na karatasi ile ile ilikuwa inamhukumu kuliko ripoti ya kwanza. Nikasema ni Alhamisi. Kocha hakufanya kejeli. Alinirudishia karatasi kwa adabu.

"Basi umenisaidia. Nilikuwa na wasiwasi, sasa sina."

Kichwani nilijua jambo moja tu, kwamba Alhamisi atakuwa amefunga, kwa hiyo kocha ana haki, na kwamba hata nikiivunja ahadi yangu siwezi kubadilisha siku. Akabonyeza simu. Nikatoka nje nikalia nyuma ya jengo la karakana, kwa hasira zaidi ya huzuni.

Alhamisi uwanja ulijaa. Nambari saba alikuja, hana jezi, amevaa buibui, akaniuliza kama anaweza kukaa nami anisaidie kuita namba. Nikamsogezea nusu ya kiti. Aliita vizuri, macho yake yalikuwa mepesi kuliko yangu, na kila kikapu chetu alisimama akapiga kelele mpaka watu wakageuka. Mchezo ulikuwa mgumu. Mapumziko tulikuwa nyuma. Robo ya tatu tulilegea zaidi, kisha tukaamka, na yule wa mwaka wa kwanza akaanza kutia mpira baada ya mpira. Katikati ya robo ya nne tulikuwa sare. Mwenzangu alichukua chupa ya maji chini ya kiti, akaifungua, akanywa.

Kalamu ilisimama mkononi mwangu.

"Leo si Alhamisi?" nilimwuliza.

"Ndiyo. Nimefunga jana. Nilitaka leo niwe na sauti ya kuwapigia kelele."

"Kwani siku inahamishwa?"

"Siku ya kulipa ni siku yoyote. Jumatatu na Alhamisi ni mazoea ya mama tu." Hakunitazama, macho yake yalikuwa uwanjani. "Nilitaka kukwambia siku ile ngazini. Na kabla ya hapo, wallahi, ungeniuliza tu. Mimi sikujua kama kucheza kwangu vibaya kwaonekana, nilidhani ni mimi peke yangu ninayeliona. Ningefunga Jumanne."

Uwanja ulilipuka, nikajua tumetia, sikujua nani. Akanitajia jina na robo, nikaandika. Akanitajia na kikapu kilichofuata, na cha baada yake, kwa kuwa mimi nilikuwa sioni ukurasa. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa tulikuwa mbele kwa pointi mbili.

Kocha alikusanya timu katikati ya uwanja na akaniita. Nilikwenda kwa sababu nilisukumwa. Aliinua daftari langu juu, akawaambia watu wote kwamba mwaka huu hatukushinda kwa miguu peke yake, tumeshinda kwa hesabu, na kwamba kumchezesha yule msichana wa mwaka wa kwanza ulikuwa ushauri wangu. Akaomba nipigiwe makofi. Nilitazama kwenye kiti tulichokuwa tumekalia. Mwenzangu alikuwa amesimama juu yake ili anione vizuri, na ndiye aliyeanza kupiga.