Neno la Chini ya Kadi

Nikifumba macho, Nairobi ya miaka ile hunijia na ukungu, hata pale ninapojua kwa hakika kwamba jua lilikuwa linawaka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili, ghorofani, hatua chache kutoka Kimathi Street. Mijakaranda ikimwaga maua, lami yote chini ya dirisha letu iligeuka zambarau, na watu waliokuwa wakikimbilia kazini walionekana kama wanaelea. Mimi nilikaa mbele ya mashine yangu nikigonga juu ya bahasha neno moja la Kiingereza, strictly, kisha lile linalolifuata, la kusema kwamba barua ni ya siri.

Nililipenda neno hilo, na hadi leo sijapata neno moja la Kiswahili la kulibeba lote. Ukisema "kabisa" umelipunguza, maana kabisa hata mlevi huisema. Ukisema "marufuku" umeshamweka askari mlangoni. Ukisema "kwa ukali" umemkasirisha mtu ambaye hakukasirika. Neno lenyewe halina hasira. Linafunga mlango polepole, linazungusha ufunguo, linakwenda zake kunywa chai. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na ubaridi huo niliuona kuwa ndiyo ustaarabu.

Baba naye alilipenda, tena kuliko mimi. Alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu kule Kitisuru, mahali ambapo miti ilifunika barabara hadi ukadhani ni jioni siku nzima. Jumapili alirudi kwetu mtaani Satellite akiwa na harufu ya siagi na maneno mapya. Striktli, kama alivyolitamka, alilitia katika kila kitu. Chai saa kumi, striktli. Viatu nje, striktli. Mama alikuwa akisema kwamba aliolewa na mtu wa kwao magharibi, akaja kuamka Nairobi kando ya Mwingereza.

Nilipochumbiwa, baba alitangaza kwamba harusi yangu itakuwa ya kadi. Kwetu hakuna anayealikwa harusini. Habari hutembea yenyewe, na siku ikifika watu huja kwa sababu wameona moshi. Lakini baba alikuwa amewahi kuona harusi ya jirani ambapo chakula kiliisha kabla wazee hawajanawa mikono, na yeye, mpishi, aliapa kwamba aibu ile haitamkuta. Kule Kitisuru aliona karamu ambazo kila mgeni alijulikana na kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Akaenda kwa Mhindi mmoja mpiga chapa wa River Road, akachapishiwa kadi nyeupe zenye ukingo wa dhahabu. Chini kabisa, kwa herufi zilizolala, iliandikwa kwamba karamu ni ya walioalikwa tu, strictly.

Mama alizitazama kadi hizo akanyamaza, na mama alipokuwa kimya ilifaa uondoke njiani. Baadaye alimkumbusha baba kwamba wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba alimjibu kwamba wahenga hawakuwahi kupika kwa jiko la stima. Mimi nilicheka. Mama hakucheka, kwa kuwa yeye alikuwa ameimba katika harusi za mabinti wa mtaa mzima, na sasa aliogopa kwamba ya binti yake itapita kimya.

Wiki ya harusi, akina mama wa kanisa letu walimkuta baba pale langoni. Kadi moja ilikuwa imezunguka mikononi mwao, na kulikuwa na neno moja hapo chini lililowashinda. Walimuuliza kwa adabu maana yake.

"Hiyo neno ni kali," baba akawaambia, na kifua mbele. "Maana yake kama huna kadi huingii, hata kama tulizaliwa tumbo moja."

Nilikuwa nikianika nguo, nikamsikia. Yalikuwa maneno tu, namna ya kutia chumvi. Lakini wale mama waliitikia polepole, wakashukuru, wakaenda.

Siku moja kabla ya harusi, shangazi alifika kwa basi kutoka nyumbani. Ndiye dada mkubwa wa baba, ndiye aliyembeba baba mgongoni baada ya mama yao kufariki. Hakupewa kadi, kwa maana nani anampa dada yake kadi? Kwetu binti hatoki nyumbani kwao kwenda kuolewa mpaka shangazi amshike mkono na kumvusha mlangoni. Bila yeye hakuna harusi. Lakini basi lilichelewa hadi usiku, akalala kwa mmoja wa wale akina mama aliyekaa karibu na stendi, na huko akasimuliwa maana ya lile neno.

Asubuhi nilikaa dirishani ndani ya gauni langu jeupe, nikihisi kama ninaota ndoto ya mtu mwingine. Uani, viti vilipangwa safu kwa safu, na juu yake walikaa watu wachache wenye kadi: wakili niliyemfanyia kazi, mashemasi wawili, wapishi wenzake baba na tai zao. Hakuna aliyeimba. Nikainua macho juu ya ua la miiba ya kayaba, na ng'ambo ya barabara nikamwona shangazi ameketi juu ya furushi lake, kuku akiwa chini ya mkono. Nyuma yake walikaa akina mama wote wa kanisa, wamevaa vizuri, wamenyamaza, kama watu wanaosubiri mvua ipite.

Mama alimwona wakati uleule. Akakaa kitandani kwangu, akaanza kulia bila sauti. Aliniambia kwamba sitatoka, kwamba bora tusiende kanisani kuliko nitoke bila kushikwa mkono. Nilitaka kumtuliza nikashindwa, kwa sababu na mimi nilikuwa na hofu ileile.

Baba alivuka barabara na suti yake mpya. Dirisha lilikuwa wazi, na mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kila kitu. Alimwomba dada yake aingie. Alimwambia kwamba neno lile halikumhusu yeye.

"Ulisema tumbo moja," shangazi akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Wa tumbo hilo tumebaki wawili, mimi na wewe. Kama si mimi, ulikuwa unasema nani?"

Kiingereza chote cha baba hakikumsaidia. Kisha mtu yule niliyemwogopa tangu utoto akapiga magoti katika vumbi, mbele ya mtaa mzima, akamwalika dada yake kwa kinywa chake, kwa lugha ya mama yao. Shangazi hakuinuka. Alielekeza kidevu nyuma yake, akangoja. Basi baba, akiwa bado magotini, akawaalika wale akina mama mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina la kifungua mimba wake, na kila aliyeitwa alisimama na kukung'uta nguo. Alipomaliza, shangazi akampa kuku amshikie, akavuka. Nyimbo zilianza kabla hajafika langoni. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, ukanivusha mlangoni, na nilikwenda kanisani sioni njia kwa machozi.

Tuliporudi, watu walikuwa mara tatu ya viti. Baba alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni mwenyewe, akikata nyama vipande vidogo na kuongeza maji katika mchuzi. Sahani ya kwanza alimpelekea shangazi, iliyopangwa kama za Kitisuru, viazi vya kukaanga upande mmoja na nyama laini upande mwingine. Kisha akasimama kando yake, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama kazini.

Shangazi alionja, mara yake ya kwanza kula chakula cha mkono wa baba. Akatafuna polepole, akaonja tena, akamtazama mdogo wake kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe unajua kupika," akasema.

Watu wakacheka. Baba aligeuka akatazama ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.