Imeshika, Usiguse

Kuna neno moja la nyumbani kwetu ambalo limenichosha tangu utotoni: usiguse. Redio ikishika stesheni kwa msaada wa kijiti cha kiberiti kilichobanwa nyuma ya betri, usiguse. Televisheni ikionyesha watangazaji wenye sura za kijani, ilimradi wanasikika, usiguse. Huku kwetu Ngara kitu kikishika kidogo tunakihesabu kizima, tunakifunika kitambaa cha kufuma na kuanza kukiheshimu. Nimekulia katika nyumba iliyojaa vitu vinavyofanya kazi nusu, na sijawahi kumwona mtu akiona aibu.

Nilipokuja likizo safari hii, nikashuka Kabanga na vumbi langu lote, kilichokuwa kinaheshimiwa kilikuwa juu ya mlingoti uani: antena ya intaneti. Niliwatumia mimi, kwa ajili ya mama. Mdogo wake wa kike alichukuliwa kambini enzi zile za ukimbizi akapelekwa ng'ambo, sisi tukabaki, na hawajaonana tena. Kila Jumapili alasiri mama mdogo alipiga simu ya video. Video gani! Mama alikuwa akiongea na matofali. Vipande vya rangi ya kahawia viliganda kwenye kioo, na sauti ikatoka humo ikisema kwa Kirundi, "Ndakomeye, ndakomeye cane," yaani mimi mzima, mzima kabisa. Tulikuwa tumesikia fununu kwamba anaumwa.

"Nataka nimwone uso," mama aliniambia. "Akisema ni mzima, nimwone anavyosema."

Fundi wa antena alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ufundi wake ulianza na madishi ya televisheni na ukaishia hapo hapo.

"Shikamoo baba mdogo. Antena umeielekeza wapi?"

"Marahaba. Mnarani. Si unauona pale?"

Niliuona. Niliiona pia mikaratusi ya jirani, shamba zima, imesimama kati yetu na huo mnara, ambayo yeye hakuwahi kuiona.

"Taa mbili zinawaka," akasema, akinionyesha kisanduku cha antena kibarazani, chenye taa nne. "Imeshika. Usiguse."

Kazi yangu mjini ni kupima simu za mawimbi ya milimita, mawimbi mafupi mno, ambayo hata jani huyasumbua. Simu hizo husikiliza kwa kuchagua upande. Simu ikitafuta mnara hufungua kwanza sikio pana na kugeuka huku na huku, na kila upande hutulia kidogo, maana mnara nao huita kwa zamu, mara upande huu, mara ule. Ikisikia wito hairidhiki. Hulibana sikio liwe jembamba, hujaribu kushoto kidogo, kulia kidogo, juu, chini, hadi ipate pale panaposikika vizuri kuliko kote, hata kama si kule mnara uliko, kwa kuwa wimbi hugonga ukuta au bati likaja kwa njia ya pembeni. Antena yetu ya kijijini haikuwa na akili hiyo. Ilimtegemea baba mdogo, ambaye aliuzungusha mlingoti mithili ya mtu anayesonga ugali, taa ya kwanza ikiwaka anapiga kelele za ushindi na kukaza nati. Hakusubiri, hakurudia. Nilimdharau, na sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Jumapili simu ikaja. Matofali yakajipanga. Ndakomeye, ikasema sauti, halafu kwa haraka haraka: Jumapili ijayo sitapiga, nina safari kidogo, msihangaike.

Mama hakumwuliza safari ya wapi. Alinigeukia mimi. "Panda," akasema.

"Mwanamke apande ngazi?" baba mdogo akaruka. "Atakata! Ikikata isirudi, je?"

Nikapanda na spana mkononi. Nikalegeza nati, nikaigeuza antena kuiacha ile mikaratusi ya jirani, na taa zote zikazima. Simu ikakatika. Baba mdogo akatangaza msiba uani, ameharibu, ameharibu, nilisema mimi, hadi majirani wakasogea kwenye ua. Mama alisimama na simu kifuani. Niliogopa. Lakini hasira ilinisaidia, nikaanza upya, polepole, kila upande nikitulia na kuuliza chini, "Taa?"

"Hakuna!" baba mdogo alijibu kwa raha.

Upande wa mlima, penye kanisa lenye bati jipya, taa moja ikawaka. Nikasogeza upana wa kidole. Mbili. Nikapita, zikapungua, nikarudi. Nikainua kidogo. Tatu. Nikainua tena kiasi cha ukucha, nikatulia.

"Nne," akasema mama, si baba mdogo.

"Umeielekeza kanisani," yeye akanung'unika. "Mnara uko kule, wewe unaelekeza kwa Mungu."

Nikakaza nati. Simu ikalia kabla sijashuka, mama mdogo alikuwa anapiga tena. Nilishuka ngazi mbio huku nikijivuna, nikitaka kumwona baba mdogo akiumbuka.

Picha ilikuwa safi ajabu. Ulionekana ukucha wa kidole chake, ulionekana mshono wa kilemba. Chini ya kilemba hapakuwa na nywele. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na nyuma yake palikuwa na mto mweupe wa hospitali na mpira mwembamba ulioteremka hadi mkononi. Bado hakujua kwamba tunamwona. Alitabasamu akidhani bado tunaona matofali, akasema, "Ndakomeye, dada. Ndakomeye cane."

Mama hakulia. Aliisogeza simu karibu, akakipitisha kidole gumba kwenye kioo, juu ya lile shavu, taratibu.

"Nakuona," akasema.

Upande wa pili tabasamu likaanguka. Walitazamana hivyo, na mimi sikuweza kuvumilia. Nikanyoosha mkono niichukue simu, nimpumzishe.

"Usiguse," mama akaniambia.