Mbao Tisa za Ishenkul

Ishenkul alipenda vitu viwili duniani, mkewe Burmakan na nyuki wake, na kama unataka kujua nani alitangulia, usiulize Burmakan akiwa karibu. Miaka thelathini na moja alifuga nyuki chini ya mlima, mizinga tisa nyuma ya nyumba, na miaka yote hiyo alijigamba kwamba nyuki wanamjua. Walimjua kweli. Mwaka jana mmoja alimjua chini ya kidevu, uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira, pumzi ikagoma, na nesi wa kijiji akamrudisha duniani kwa sindano huku akimtukana.

Nesi alisema mwiba mwingine unaweza kuwa wa mwisho. Burmakan hakupoteza machozi. Alitandika kitambaa cha chakula, akaweka katikati mkate mzima wa mviringo, wenye ua lililogongwa usoni, akamwita mdogo wake Dooron awe shahidi, kisha akamwambia mumewe aweke mkono juu ya mkate. Katika bonde lile mtu anaweza kumdanganya polisi, imamu, hata wakwe zake, na usiku akalala fofofo. Lakini aliyegusa mkate akaapa, ameapa.

"Nyuki akiniuma tena, hata mmoja," alisema Ishenkul kwa sauti iliyokauka, "mizinga hii si yangu tena."

"Pole sana, shemeji," alisema Dooron. Pole yenyewe ilikuwa na magurudumu sita, maana Dooron alikuwa na lori, na alikuwa na shamba la majani ya mifugo lenye maua ya kutosha nyuki wa wilaya nzima. Alichokosa ni nyuki tu.

Basi Ishenkul akaanza kuishi kama mtu anayetembea juu ya mayai. Alipigwa marufuku kuvuka uzio wa mizinga. Burmakan, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kukaribia mzinga isipokuwa kwa matusi, alivaa ovaroli la mumewe na kofia ya wavu akafanya kazi, naye mwenye mali akakaa kwenye benchi akipiga kelele. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini Ishenkul aliirusha kila siku.

Mavuno yakafika. Zamani Ishenkul angefungua masanduku ya juu, yale ya asali, akawafukuza nyuki kwa moshi na brashi, na nyuki wakamlipa kwa miiba. Safari hii alitumia akili. Majira ya baridi yote alikaa karibu na jiko akichonga mbao tisa. Kila ubao una tundu katikati, na upande mmoja wa tundu kuna vijia vya wavu vinavyozidi kuwa vyembamba. Unauchomeka chini ya sanduku la asali. Baridi ya usiku ikianza, nyuki hushuka kupitia tundu kwenda kumpasha joto malkia wao aliye sanduku la chini, wakitaka kurudi wanaupoteza mlango. Asubuhi unabeba asali yako bila kumwomba mtu ruhusa.

Naye, kwa vile alikuwa na muda na chuma cha moto, akachora ua zuri la mviringo kwenye kila ubao, upande ule wa wavu, upande unaotakiwa kutazama chini. Kwa nini chini? Ili nyuki walione, alisema. Mtu mzima wa miaka sitini na minne.

Jioni Burmakan alinyanyua masanduku akaziweka mbao.

"Taratibu, usimbane hata mmoja," alifoka Ishenkul kutoka benchini.

"Njoo wewe basi."

"Umenikataza."

"Basi funga mdomo, mzee."

Akaufunga. Na kwa kuufunga hakusema neno moja lililokuwa muhimu, kwamba ua linatazama chini. Kwake lilikuwa jambo ambalo hata mbuzi analijua.

Asubuhi Dooron akafika na lori lake, eti kuja kusaidia. Walikunywa chai, wakala mkate na malai, na Ishenkul akatamba.

"Leo utaona, shemeji. Hakuna moshi, hakuna brashi. Masanduku ni matupu, unaweza kumlaza mtoto mchanga humo."

"Mbao haziwezi kumshinda nyuki," alisema Dooron. "Nyuki anataka mwanamume."

"Mbona huko mizingani kunavuma?" aliuliza Burmakan.

"Upepo," alisema Ishenkul.

Hapakuwa na upepo wa kuzima kiberiti. Milangoni mwa mizinga nyuki walikuwa wachache mno, na mfugaji wa miaka thelathini na moja alipaswa kushtuka. Lakini sifa zimeziba masikio ya watu wakubwa kuliko yeye. Alisimama, akavuka uzio bila kofia, mikono nyuma kama waziri anayekagua gwaride, akasimama hatua nne kutoka mzinga wa kwanza.

"Rudi huku," alisema Burmakan.

"Hawamo, mke wangu. Fungua, Dooron."

Dooron akafungua kifuniko.

Walikuwamo. Walikuwamo wote, pamoja na ndugu zao wa chini, waliopanda kupitia tundu jioni na kukosa njia ya kurudi, wakakesha wamebanana bila kumwona malkia, kila mmoja amemkanyaga mwenzake. Walitoka kwa pamoja, na wa kwanza waliyemkuta alikuwa Dooron. Mwanamume aliyetakiwa na nyuki alipiga kelele ya mbuzi, akaruka uzio, akajitupa kwenye mfereji wa kumwagilia viazi akabaki pua tu.

Mmoja, mmoja tu, alimpita Dooron akatua nyuma ya sikio la Ishenkul.

Hakupiga kelele. Alishika sikio, akamtazama mkewe kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu, na kilichomuuma zaidi hakikuwa mwiba. Burmakan alikuwa tayari anakimbia, ovaroli limefungwa nusu. Alimkokota hadi nyuma ya zizi, akaukwangua mwiba kwa ukucha, akatoa sindano mfukoni. Nesi alikuwa amemfundisha kwa kuchoma viazi vibichi, na Burmakan alikuwa amechoma gunia zima. Aliichoma kupitia suruali, kwenye paja, bila salamu.

"Pumua."

Alipumua. Mara ya kwanza kwa filimbi, mara ya pili kwa kikohozi, kisha vizuri. Burmakan alikaa chini kwenye samadi. "Ungekufa, mjinga wewe," alisema. "Ungekufa ukijisifu."

Nesi akaja, akamkagua, akamtukana upya, akaagiza asiachwe peke yake hadi jioni. Dooron naye akaja, ameloa, mdomo wa juu umefura hadi puani.

"Mkate umesikia, shemeji," alisema, na hakuweza kuficha furaha hata kwa mdomo ule. "Kesho nageuza lori, napakia."

Ishenkul alitazama chini. Hakubisha. Kiapo ni kiapo. Aliitazama mizinga yake tisa mmoja mmoja, kama mtu anayeaga watoto stendi, na machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake bila aibu.

Burmakan alikwenda kwenye mzinga uliofunguliwa, akarudi na ubao. Aliugeuza mkononi.

"Hili ua lilipaswa kutazama wapi?"

"Chini," alisema Ishenkul.

"Basi kosa langu." Alipitisha kidole juu ya ua. "Niliona ua, nikaona mkate. Tangu utotoni mama amenichapa kwa kulaza mkate kifudifudi. Nilijaribu kuulaza huu, mkono ukakataa. Zote tisa nimezilaza chali."

Dooron alicheka kwa maumivu. "Sasa umejua, dada. Haibadilishi kitu."

"Haibadilishi," alisema Burmakan. "Aliapa mizinga si yake tena. Si yake. Ulisikia akitaja jina lako?"

Dooron aligeuka kulitazama lori lake.

"Mizinga ni yangu," alisema Burmakan. "Mwenye neno aweke mkono kwenye mkate aseme. Wewe nenda ukapake maziwa mgando usoni, watoto watakuogopa."

Jioni, baridi ilipoanza kushuka kutoka mlimani, alivaa ovaroli, akawasha bomba la moshi wa kutulizia nyuki, akageuza mbao tisa. Kila ua alipolilaza kifudifudi alisema bismillahi kwa sauti na kumwomba mama yake marehemu radhi. Ishenkul alikaa benchini, na kwa mara ya kwanza hakumwelekeza.

Asubuhi masanduku yalikuwa na asali tu, hata nyuki mmoja hakubaki. Burmakan alikata kipande cha sega, asali nyeupe nzito ya mlimani, akakiweka kwenye kisahani juu ya uzio, upande wake yeye, wa mizinga.

Ishenkul alikitazama. Akavua kofia.

"Mwenye nyuki," alisema, "naomba kuonja."